Dakika Tatu za Shangazi Milembe

Igoma, Mwanza
Ijumaa, alasiri

Minza mwanangu,

Salamu za barua naziruka, maana hali yako naijua. Umetoka hapa nusu saa iliyopita ukiwa mzima, umevaa kitenge cha mama yako bila ruhusa, unakwenda Buzuruga kuwaaga wenzako. Ukirudi utaikuta barua hii juu ya begi lako. Sikutaka kukupa kesho stesheni, kama wanavyofanya wazazi wengine, mtoto akasome treni ikishaondoka na mzazi akishajificha. Utanikasirikia ukiisoma, na mimi napenda unikasirikie hapa nyumbani, ambako kuna viti na chakula.

Mambo ya mashuka, vidonge vya malaria na kutomwamini mtu anayekubebea mzigo, mama yako ameshayasema mara tatu, na mara ya nne ameiweka kwa ajili ya kesho. Mimi nina jambo moja tu. Usipekue begi. Ile kanda ya mapanki haimo tena. Nimeitoa mimi, kwa mkono wangu.

Sasa kaa nikueleze.

Baba yako unamjua. Shule niliishia darasa la tano, lakini ziwa hili nimelizunguka mpaka linanisalimia. Kisumu nimefika mara saba, Port Bell mara mbili, tena mara ya pili nilikula hotelini na uma. Kiingereza changu kinatosha kununua soda na kukana kesi. Na walipofungua milango ya biashara, kila mtu akawa anauza kitu, wengine mitumba, wengine sabuni za Kenya, mimi nikanunua redio kaseti yenye deki mbili, ya kwanza Igoma yote. Wapo watakaokuambia kuna fundi saa alinitangulia. Yake ilikuwa na deki moja na nusu, ile ya pili ilikuwa haifungi.

Wakati huo redio ilikuwa moja kwa nchi nzima, inasema habari za nchi nzima, na Igoma haimo. Nikasema basi nitafanya yangu. Ndipo nikaanzisha kijiwe cha Jumapili hapa mbele ya kibanda changu cha kanda. Mtu anakaa kwenye kiti, anasimulia maisha yake au kazi yake, watu wanamuuliza maswali, na mimi narekodi. Jumapili ya kwanza walikuja watu kumi na mmoja, wawili kati yao walifuata kivuli cha bati. Nikapata kanda ya saa nzima ya fundi mitumbwi. Ilikuwa nzuri kweli. Nikampelekea kinyozi aiweke dukani kwake ili watu watusikie.

Akaniambia, "Mzee, mteja wangu anakaa dakika kumi na tano. Unataka nimnyoe mpaka ubongo?"

Siku hiyo nilijifunza kazi ambayo wewe unakwenda kuifanya Dar kwa mshahara. Saa moja ya maneno ni ng'ombe mzima, na hakuna anayemwingiza ng'ombe mzima jikoni. Nikaanza kukata. Kanda nzima deki ya kulia, kanda tupu deki ya kushoto, kidole kwenye kitufe. Maneno ya fundi mitumbwi yaleyale niliyafanya vitu vinne. Kwa kinyozi nilipeleka ubishi wake na mwenye mtumbwi, nikaukata kabla ya jibu, wakabishana pale mpaka mtu akasahau kwamba amenyolewa upande mmoja. Kwa akina mama wanaosubiri zamu kwenye mashine ya kusaga nilikuomba wewe uandike kwenye karatasi ya kaki, kwa mwandiko wako mzuri, namna ya kujua mbao iliyoliwa na wadudu, tukaibandika ukutani. Kwenye mkokoteni wa spika Jumamosi nikatangaza swali moja tu. Na kule kivuko cha Kamanga, kwa yule jamaa wa tiketi mwenye redio, nikapeleka dakika tatu za kuchekesha, tena za mtu mwenye sauti kali, kwa sababu injini ile inameza sauti nzito zote.

Kila kipande kilimalizika kwa sauti yangu: njoo Igoma Jumapili usikie yaliyobaki. Wakaja. Wakatoka Nyakato, wakatoka Kisesa, wakavuka kutoka Sengerema. Tukaazima benchi za kanisa. Watu wakaanza kuniita Mzee Spika, nami nikaanza kuitika.

Haya yote unayajua, ulikuwepo. Yanayofuata ulikuwepo pia, lakini hukuambiwa.

Unakumbuka shangazi yako Milembe alikuwa na karai lake pale njia panda, anakaanga mapanki. Minofu ya sangara ilikuwa imeanza kupanda ndege kwenda Ulaya, samaki akanitangulia kuiona dunia, na sisi tukabaki na kichwa na miiba, ndiyo mapanki yenyewe. Karai la dada yangu lilikuwa na foleni kuliko yote. Jumapili moja nikamwomba akae kwenye kiti. Alisema dakika arobaini, na mimi narekodi.

Alianza hivi, na sauti yake unaijua, inakata hewa kama filimbi: "Mimi niliwahi kuwauzia watu mapanki yaliyooza. Nilijua yameoza. Nikaongeza pilipili."

Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Akasubiri wamalize, kisha akaendelea. Jioni ile ile mwanawe Masanja, akiwa bado mdogo, alikula mabaki ya karai. Akaugua wiki mbili. Dada yangu akakaa naye hospitali, akimtazama akiisha kama sabuni. Masanja alipopona, akazunguka nyumba moja baada ya nyingine, kila aliyemkumbuka kuwa alinunua siku ile, akawaambia kwa mdomo wake: niliwauzia uozo, nisameheni. Wengine walimtukana. Wengine walimpa chai. Tangu siku hiyo akawa anakwenda kwenye viwanda vya minofu kabla hakujapambazuka, ananusa kichwa kimoja kimoja, anafunua mashavu, kibaya anakitupa mbele ya aliyemuuzia. Akamaliza kwa kusema, "Kwa hiyo mkiona yangu yamezidi bei kidogo, mnamlipia Masanja." Hapo hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alivua kofia.

Usiku huo nilikata kipande cha kivukoni. Dakika tatu, mwanangu, na mpaka leo nakwambia ni kazi safi kuliko zote nilizofanya. Mapanki, uozo, pilipili, kicheko, benchi linaanguka, halafu mimi: "Je, waliokula walipatwa na nini? Njoo Igoma Jumapili."

Walikuja wengi. Lakini Jumapili iliyofuata tulikuwa na mwalimu wa kwaya kwenye kiti, sio Milembe. Hawakusikia yaliyobaki. Walikuja kumwona mama wa pilipili. Wakapita kwenye karai lake wakikohoa kwa makusudi. "Mama, leo umeweka pilipili ngapi?" "Mama, haya ya leo yamekufa lini?" Foleni ikapungua, ikawa watu watatu, ikawa mimi na mama yako.

Akaja hapa kibandani. Hakuja kwa ugomvi. Akasema, "Baba Minza, weka na ile nyingine."

"Ipi, dada?"

"Ile ya Masanja. Ile niliyozunguka nyumba za watu."

Nikamjibu hivi, na naandika maneno yenyewe bila kuyapunguza: "Dada, ile ni ndefu, halafu haichekeshi."

Akaondoka. Baada ya mwezi karai lilikuwa limepoa kabisa, akarudi akaniomba tena. Safari hii nikaona aibu, nikaenda kuitafuta kanda nzima. Na hapa, Minza, ndipo penyewe. Unajua vile vijimeno viwili vya plastiki juu ya kanda, ukivivunja kanda haifutiki tena. Nilikuwa nimevivunja, kama fundi anayejua kazi. Lakini kanda tupu zilikuwa zimeadimika siku za harusi ya jirani yetu Petro, nami ndiye niliyekuwa msema chochote wa harusi ile, nikataka kubaki na maneno yangu. Nikachukua ile kanda, nikaziba matundu kwa karatasi na gundi, nikarekodi juu yake. Nilimfuta dada yangu ili nijirekodi mimi. Dakika arobaini za Milembe zikawa dakika arobaini za Mzee Spika akimsifia bwana harusi suruali.

Na nilimwambia nini? Nilimwambia deki imeitafuna.

Wewe ulikuwa kidato cha kwanza. Tulikuambia shangazi amehamia Kamanga kwa sababu ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba hakuwa na kosa, maskini, hata alimbebea kitanda mpaka gatini.

Kipande nilikiacha kivukoni. Hilo ndilo linaloniuma kuliko gundi. Ningeweza kukitoa kesho yake. Lakini watu walikuwa wanakipenda, wanakiomba, na jina langu lilikuwa mwisho wake. Miaka minne.

Uliwahi kuniuliza kwa nini shangazi akija mjini anazungukia kivuko cha Busisi, siku nzima njiani, wakati kivuko cha Kamanga kiko mlangoni kwake. Nilikujibu kwamba anapenda kutembea. Na siku ya msiba wa bibi yako alifika watu wanarudi kutoka makaburini. Mbele ya waombolezaji wote nikasema saa ya dada yangu ni ya Sengerema, na wakacheka. Wewe hukucheka, nilikuona. Nilifikiri umeanza kiburi cha sekondari.

Ndipo mwezi uliopita akaja yule bwana wa Dar anayefungua redio yake. Alikuwa amevuka kwenda mazishini, akasikia kipande, akauliza kimetengenezwa wapi, akatufuata mpaka hapa na viatu vyake vyeupe. Akakukuta unakata kanda, akakutazama vidole vyako, akakupa kazi papo hapo. "Njoo na ile kanda ya mapanki," akasema. "Hiyo ni dhahabu. Kipindi cha asubuhi tutakifungua kwa hiyo." Ulirukaruka kama mtoto, nami nikaizunguka Igoma yote nikitangaza bila spika.

Jioni mama yako anasonga ugali akaniuliza, "Umemuuliza Milembe?"

"Nimuulize nini? Sauti nilirekodi mimi."

Hakugeuka. "Na mdomo ulikuwa wa nani?"

Nilikula kidogo siku ile. Jumanne iliyopita, niliposema nakwenda kutafuta betri, nilivuka. Kivuko kilipoondoka tu, jamaa akaweka kanda. Sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu nikiwa katikati ya watu. Abiria wanaijua kama sala. Mama mmoja alikuwa anasema "pilipili" pamoja na dada yangu, kwa pozi zake zilezile, huku anamnyonyesha mtoto. Na mwisho nikaingia mimi na sauti yangu ya mkokoteni. Nilitazama maji.

Nilimwomba jamaa anirudishie. Akakataa, akasema hiyo ndiyo kivuko chenyewe. Nikamwachia kanda tatu mpya na saa yangu ya mkononi, ile ya Kisumu. Usimwambie mama yako kuhusu saa, nimemwambia imezama.

Milembe nilimkuta ufukweni anageuza dagaa. Nikasema, "Shikamoo, dada." Hakuitikia. Unajua mimi nina umri gani na sijawahi kunyimwa marahaba maishani. Sijaipata mpaka leo.

"Umepitia wapi?" akauliza.

"Kivukoni."

"Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Akaendelea kugeuza dagaa. "Na mimi huwa najisikia. Upepo ukiwa wa upande ule, kivuko kikikaribia gati, nakuwa hapahapa naanika, najisikia nasema pilipili. Halafu unakuja wewe."

Nikamweleza habari ya redio na kazi yako. Nilieleza vibaya, nikiruka huku na kule. Alinisikiliza.

"Redio hiyo inafika wapi?"

"Dar kwanza. Wakipata mitambo, mpaka huku."

"Na Busisi?"

"Na Busisi, dada."

"Basi mmenimalizia njia," akasema.

Hapo nikatoa yote. Nikamwambia deki haikutafuna kanda, nilimfuta mwenyewe kwa karatasi na gundi. Akasimama, mikono imejaa magamba.

"Kwa harusi ya nani?"

"Ya Petro."

"Si walishaachana?"

"Waliachana."

Akacheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo, na nilipojaribu kucheka naye akaacha. Nikampa kanda ya kivukoni. Niliporudi nyumbani nikaitoa na hii iliyokuwa kwenye begi lako, nikampelekea siku ya pili yake. Hakuna nyingine. Sikukuomba ruhusa, na ninajua ulikuwa umeizungushia fulana ili isivunjike. Lakini haikuwa yangu kukupa, Minza. Nilikupa kitu cha mtu.

Siku hiyo ya pili ndipo aliponipa uamuzi wake. "Nitasema tena," akasema. "Lakini si kwako. Mashine ashike Minza. Na wewe usiwepo."

Anavuka kesho saa nne asubuhi. Kwa kivuko cha Kamanga. Treni yako ni jioni, muda upo.

Najua unachofikiria. Bwana wa viatu vyeupe anataka kicheko cha dakika tatu, na wewe utafika na mwanamke anayelia hospitali. Inawezekana akakutazama na kusema hapana. Najua pia unavyoitaka kazi hii, maana tangu umalize kidato cha nne hujaomba kitu kingine, hata viatu. Basi nisikilize vizuri, kwa sababu hapa sina mzaha. Mwambie ukweli, kwamba kanda ile imerudi kwa mwenyewe na hairudi. Mwambie unayo nyingine, na kwamba wewe ndiye unayejua kuikata. Akisema bila ile hakuna kazi, basi kazi hakuna. Panda treni urudi. Nitakuja kukupokea stesheni kwa kelele, na mtu atakayekucheka Igoma nitashughulika naye mimi, nina maneno ya kumtosha.

Kukata sikukatazi. Mimi niseme usikate, wakati ndiko kulikokulisha? Hakuna atakayekaa redioni dakika arobaini na chai inapoa. Kata za asubuhi, kata za jioni, moja ya kuchekesha, moja ya kuumiza, moja andika gazetini kama watakuruhusu, tuma watu kutoka hii waende kwenye ile. Utanizidi, nimeshaona vidole vyako. Ila kila kipande, kabla hakijatoka, mwekee mwenye sauti akisikie. Mkalishe, mpe chai, bonyeza, umtazame usoni. Kama kuna kipande unatamani asikisikie, hicho usikitoe, hata bosi akupigie magoti. Mimi niliwawekea vipande vyangu vinyozi, wapasua mbao, makuli wa gatini, hata askari wa barabarani. Milembe sikumwekea hata mara moja. Nilijua uso wake ungekuwaje.

Na kanda nzima usifute. Nunua nyingine, kopa, uza kiatu. Hilo sielezi zaidi.

Utanisamehe au hutanisamehe, hilo utalijua ukiwa njiani, safari ya Dar ni ndefu. Mimi nimeshaamua, na nimetulia kuliko nilivyotulia siku nyingi. Kesho nitakubebea begi mpaka ndani ya behewa na nitajisifu kwa kila abiria kwamba huyu ni wangu, kwa hiyo jiandae kuona haya.

Sasa ya kesho asubuhi. Weka betri mpya, ziko kwenye droo. Kanda iwe ya dakika tisini, ya sitini itakukatia katikati. Mpe kiti chenye mgongo, na shikamoo yako iwe ya magoti, yangu ilikataliwa. Usimuulize kuhusu pilipili, atafika mwenyewe. Akichekesha, cheka. Kisha kuna mahali atanyamaza, pale anapofika kwenye kitanda cha Masanja. Alinyamaza hapo hata mara ile ya kwanza, muda mrefu, mpaka kidole changu kikaenda kwenye kitufe, nikidhani amemaliza, nikiwaza kanda inaliwa bure.

Wewe usizime. Iache izunguke mpaka aseme mwenyewe kwamba amemaliza.

Baba yako